Kompyuta ndogo ya mezani haiwaki au inajizima: usinunue pawa saplai kabla hujapima haya

Wiki moja nililetewa mashine mbili, zote Dell OptiPlex 9020 zile nyembamba, na zote wenyewe walishaambiwa neno moja tu, pawa saplai (lile boksi la ndani linalogawa umeme kwa kompyuta nzima) imekufa. Ya kwanza kweli ilikuwa imekufa. Ya pili pawa saplai ilikuwa nzima kabisa, mwenye nayo ni dada mmoja ana steshenari, kila akianza kutoa kopi za mitihani kompyuta inazima na kazi inapotea, na kabla hajafika kwangu alishauziwa pawa saplai mbili, moja haikuingia kwenye keisi, nyingine ikaingia kwa kubanwa ila kichwa cha waya hakifanani na cha mazabodi (ile bodi kuu ya ndani), na hela hairudi. Shida yake ilikuwa printa ya leza imechomekwa kwenye UPS (kile kifaa chenye betri kinachoshika umeme ukikatika) moja na kompyuta. Iliniuma sana, kwasababu hela ya pawa saplai mbili kwa mtu wa steshenari ni karatasi rimu nyingi tu.

Kwaiyo naandika kwa ajili ya hizi mashine ndogo za mtumba, Dell, HP, Lenovo, zile zinazotoka Uingereza na Dubai na ndo zimejaa mashuleni, madukani na majumbani. Zina tofauti moja kubwa na yale makasha marefu ya zamani, pawa saplai zake nyingi hazibadilishani ovyo, na hapo ndo watu wanapopoteza hela.

Kabla ya yote, pawa saplai yenyewe usiifungue. Umeme wa ukutani wa volti 230 ukishageuzwa mle ndani unakaa kwenye kapasita kubwa (kimtungi kinachotunza umeme) kwa volti kama 325, na kwenye hizi za kisasa unapandishwa mpaka karibu 380, na unaweza kubaki hata ukishachomoa waya. Unaruhusiwa kufungua keisi, sio lile boksi la chuma lenye feni.

Haiwaki kabisa, hamna taa, hamna feni

Anzia ukutani. Najua inaonekana kama dharau kumwambia mtu aangalie swichi, ila mashine zilizokuja na waya wa Uingereza zina plagi ya pini tatu ambayo ndani yake kuna fyuzi, na fyuzi hiyo inaweza kuwa ya ampea 3, 5 au 13. Ikikatika, kompyuta inakuwa maiti kabisa kumbe kila kitu ndani ni kizima. Chukua waya wa monita, mara nyingi kichwa ni kile kile, uchomeke kwenye sipiyu uone. Ikiwaka umemaliza, badilisha fyuzi kwa nyingine ya ampea zile zile, usiweke kipande cha waya wala karatasi ya sigara.

Alafu chomeka moja kwa moja ukutani, ruka ekstensheni na ruka UPS. Ekstensheni za bei rahisi meno yake ya ndani yanalegea, taa yake inawaka vizuri tu ila ukichomeka mzigo umeme haupiti sawasawa.

Kama pawa saplai ni ya zamani angalia nyuma kama kuna swichi nyekundu imeandikwa 115 na 230. Mashine iliyotoka Marekani inaweza kuwa imewekwa 115, na ukiichomeka kwenye umeme wetu unasikia pa! na harufu, hapo hiyo imeenda. Kama ina swichi basi hakikisha inasoma 230 kabla ya kuchomeka. Hizi za miaka ya karibuni nyingi hazina swichi hiyo, zinajipanga zenyewe.

Sasa kama umeme unafika na bado kimya, Dell wametusaidia sana. Nyuma ya pawa saplai za OptiPlex nyingi, pembeni ya tundu la waya, kuna kitufe kidogo na taa ndogo. Waya ukiwa umechomekwa bonyeza kile kitufe, taa ikiwaka kijani pawa saplai inatoa umeme, kwaiyo tatizo litafute kwingine. Isipowaka usikimbilie dukani bado! Chomoa umeme, fungua keisi, toa vichwa vyote vya waya vinavyoenda kwenye mazabodi na kwenye diski, rudisha umeme, bonyeza tena. Ikiwaka sasa, maana yake pawa saplai ni nzima ila kuna kitu ndani kinapiga shoti na yenyewe inajizima kujilinda. Hapo rudisha kimoja kimoja (kila mara ukichomoa umeme kwanza) mpaka umjue mchawi. Isipowaka hata ikiwa peke yake, hiyo imekufa. HP nyingi nazo zina taa ya kijani nyuma ya pawa saplai, ichukulie kwa akili hiyo hiyo.

Inashtuka, feni inazunguka kidogo, inazima

Hii mara nyingi ni shoti au pawa saplai imechoka, na kuvitenganisha ni kazi ya kupunguza. Toa kila kitu ambacho mashine inaweza kuishi bila nacho: diski, sidii, kadi ya picha, vitu vya USB vyote hata kibodi. Bakiza prosesa (chipu kuu inayofanya kazi zote) na RAM moja (kile kipande chembamba cha kumbukumbu). Ikisimama sasa, rudisha kimoja kimoja. Nimeshakuta mara kadhaa tundu la USB la mbele limepinda, vile vibati vya ndani vinagusana, mashine nzima inagoma kwa ajili ya kitu hicho tu, na hakuna pawa saplai ya bei yoyote itakayotibu hilo.

Angalia pia kapasita za kwenye mazabodi, vile vimtungi vidogo karibu na prosesa. Kichwa kikiwa kimevimba au kinatoa utomvu wa kahawia, mazabodi ndo mgonjwa.

Kwa HP Compaq kama 8200 na 8300, sikiliza milio. Taa ya pawa ikiwaka nyekundu mara 4 na milio 4, ikapumzika, ikarudia, hiyo inasema umeme umeshindwa, pawa saplai imezidiwa au inashindwa. Ikiwa mara 5 ni RAM hiyo, na mara 2 ni joto la prosesa. Watu wanasikia mlio wowote wanasema pawa saplai, hapana, hesabu.

Feni inazunguka vizuri ila kioo cheusi

Hapa mimi pawa saplai naiweka mwisho. Anza na RAM, itoe, futa meno yake kwa kifutio cha penseli taratibu, rudisha, jaribu tundu jingine. Alafu angalia ule waya mdogo wa pini 4 unaoenda karibu na prosesa, huo ndo unaolisha prosesa, ukilegea au ukisahaulika feni zinazunguka kama kawaida na picha haiji. Na kama mashine ina kadi ya picha, hakikisha monita imechomekwa kwenye kadi, sio kwenye mazabodi.

Inawaka, inafanya kazi, alafu inajizima au inajiwasha upya

Hili ndo tatizo lenye sababu nyingi na ndo linalouza pawa saplai nyingi bila sababu. Usiulize tu inazima, uliza inazima LINI.

Inazima printa ikianza kutoa karatasi? Ndo kesi ya yule dada. Printa ya leza ina kipande cha kupasha moto wino ushike kwenye karatasi, kinapowaka kinavuta wati mia kadhaa kwa mkupuo. UPS ndogo ya VA 650 uwezo wake halisi ni wati kama 360 au 390 hivi, sasa ukiweka kompyuta, monita na printa ya leza juu yake, umeme unayumba sekunde moja tu na kompyuta imezima. Printa ya leza haikai kwenye UPS, iende ukutani peke yake na ikiwezekana tundu lingine kabisa. Yule dada tulihamisha plagi moja tu, hatukubadilisha kitu ndani.

Inazima umeme ukikatika hata kama UPS ipo na betri ni nzima? Hii inachanganya watu sana. Pawa saplai nyingi za hizi mashine zina sakiti inayorekebisha jinsi zinavyovuta umeme, na baadhi hazipendi umeme wa UPS za bei ya chini ambao mawimbi yake ni ya ngazi ngazi badala ya kuwa laini. Wakati UPS inahama kwenda betri, pawa saplai inaona kama umeme umepotea. Jaribu hiyo UPS kwenye mashine nyingine, na hiyo mashine kwenye UPS nyingine, utapata jibu bila kununua kitu.

Inazima jioni, wakati ambao na taa za ndani zinafifia? Pima tundu la ukutani kwa multimita (kile kipimo cha volti) ukiwa makini. Kwenye karatasi ni volti 230 Tanzania na 240 Kenya, ila mwisho wa laini jioni watu wote wamewasha pasi na majiko unaweza kukuta 170 au chini ya hapo. Volti zikishuka pawa saplai inavuta ampea nyingi zaidi ili kutoa kazi ile ile, mzigo wa wati 200 kwa volti 230 ni chini kidogo ya ampea 1, kwa volti 160 ni ampea 1 na robo, kwaiyo inapata joto zaidi na inazeeka mapema. Hapa dawa ni stebilaiza, kile kifaa cha kusawazisha volti, na pia kuna jambo la kusoma kwenye stika ya pawa saplai nitakalolisema chini.

Inazima baada ya dakika ishirini, ukiiacha ipoe inawaka? Joto. Vumbi limeziba feni ya prosesa au feni ya pawa saplai yenyewe. Weka kiganja nyuma, kama hewa haitoki na kuna moto, peleka kwenye blowa, ila shika feni isizunguke wakati unapuliza. Mashine nyingi nimezirudisha kazini kwa blowa na grisi mpya ya prosesa tu. Hapa pwani ongeza na kutu, ile hewa ya chumvi inashika meno ya plagi za ndani, chomoa na kuchomeka tena mara mbili tatu inasaidia.

Inazima ukifungua gemu au ukianza kutoa video? Sasa ndo tunaongea pawa saplai kweli, maana mzigo umepanda ghafla nayo imeshindwa kubeba. Hasa kama umeongeza kadi ya picha.

Asubuhi inagoma, ukiichomoa dakika kumi ukairudisha inawaka

Hii dalili naiamini sana. Pawa saplai ina sehemu ndogo inayobaki macho muda wote hata kompyuta ikiwa imezimwa, ndo inayosubiri ubonyeze kitufe. Kapasita za sehemu hiyo zikichoka, inaanza hivi hivi, leo mara ya pili inawaka, wiki ijayo mara ya tano, mwezi ujao basi. Kama tundu la ukutani ni zima na mashine inafanya hivi kila siku, andaa hela ya pawa saplai na nakili kazi zako mapema.

Kupima kwa multimita

Kwenye mashine zenye kichwa cha pini 24 (Dell 790, 990, 7010, HP 8200 na 8300 na kadhalika ni za kundi hilo) multimita ya bei rahisi inatosha. Waya mweusi wa multimita kwenye chuma cha keisi au waya mweusi, mwekundu unaingiza nyuma ya kichwa kikiwa kimechomekwa. Waya wa zambarau lazima usome volti 5 muda wote hata kompyuta imezimwa, ukisoma sifuri na ukutani kuna umeme, hata vichwa vyote vikiwa vimetolewa, pawa saplai imekufa. Waya wa kijani kabla hujabonyeza kitufe unakuwa na volti kadhaa, ukibonyeza unashuka karibu na sifuri. Hapa ndo penye siri: kijani kikishuka na feni haizunguki, pawa saplai imeagizwa na imekataa kazi, mkosaji ni yeye, au kuna shoti ndani inayomfanya ajizime. Kijani kisiposhuka, hajaagizwa, kwaiyo shida ni kitufe cha mbele au mazabodi. Kipimo kimoja hicho kinaokoa hela nyingi.

Ikiwa inawaka, njano iwe kati ya 11.4 na 12.6, nyekundu 4.75 mpaka 5.25, chungwa 3.14 mpaka 3.47. Pima ikiwa na kazi, sio ikiwa imekaa tu, maana pawa saplai iliyochoka inasoma vizuri ikiwa haina mzigo. Ndo maana ile ya kuunganisha kijani na cheusi kwa kipande cha waya mezani inathibitisha inaamka, haithibitishi inabeba.

Kwenye mashine zenye vichwa vya kwao wenyewe usiamini rangi wala usiunganishe waya kwa kubahatisha, tumia kile kitufe cha Dell au jaribu na pawa saplai ya mashine ya modeli ile ile.

Kuchagua: kichwa cha waya kwanza, wati baadae

Watu wanaingia dukani wanasema nipe ya wati 500. Hilo ni swali la tatu. La kwanza ni kichwa. Dell 3020, 7020 na 9020 mazabodi inapokea pini 8, sio 24. HP EliteDesk 800 G1 inapokea vichwa vidogo vya pini 6. Lenovo M83 na M93p ni pini 14. Kwenye Dell 9020 nyembamba na HP hiyo pawa saplai inapeleka volti 12, alafu mazabodi yenyewe inatengeneza 5 na 3.3, na hata umeme wa diski unatoka kwenye mazabodi. Ujue hilo, maana diski ikikosa umeme kwenye mashine hizi usilaumu pawa saplai moja kwa moja.

Kuna adapta za kugeuza pini 24 kwenda 8, 6 au 14. Zinafanya kazi, ila mimi natumia pale tu ambapo ya modeli yenyewe haipatikani, kwasababu baadhi ya mashine zinataka volti 12 hata zikiwa zimezimwa wakati pawa saplai ya kawaida inatoa 5 tu, kwaiyo adapta nzuri inakuwa na kisakiti kidogo cha kupandisha volti, na isiyo nacho inakuachia mashine isiyowaka. Kinachonifurahisha zaidi ni kununua ya mtumba ya modeli ile ile kutoka kwenye mashine iliyokufa mazabodi. Kariakoo pale ukienda na ya kwako mkononi, ukailinganisha namba ya kwenye stika, unapata. Nenda nayo mkononi! Picha ya simu peke yake haitoshi, vichwa vinafanana kwa mbali.

La pili ni umbo. Keisi nyembamba haipokei boksi la kawaida lenye upana wa sentimita 15 na kimo cha 8.6. Pima urefu, upana, kimo, na angalia matundu ya skrubu na upande hewa inakotokea.

Alafu ndo wati, na hapa soma stika, usisome maandishi makubwa ya kwenye boksi. Tafuta mstari wa volti 12, angalia ampea, zidisha. Nimeona iliyoandikwa 450 kwa herufi kubwa ila volti 12 ina ampea 14, hiyo ni wati 168 za kazi ya kweli, chini kuliko ile ya 240 ya kiwandani iliyotolewa. Kwenye stika hiyo hiyo soma mstari wa umeme unaoingia: ikiwa imeandikwa 100 mpaka 240 itavumilia umeme kushuka, ikiwa 200 mpaka 240 peke yake jioni zenu za umeme mdogo itateseka. Kwa mtu wa mwisho wa laini mstari huu una thamani kuliko wati 50 za ziada.

Hesabu ya mzigo si ngumu. Prosesa kama i5-4570 ni wati 84, mazabodi na RAM weka 30, diski ya kuzunguka kama 10 ila inavuta zaidi ya 20 inapoanza, feni na USB 15. Jumla kama 140, kwaiyo ile 255 ya Dell inatosha kabisa kwa kazi za ofisi na steshenari. Ukiongeza kadi ya picha kama GT 1030 ya wati 30 bado uko salama. Ukiweka GTX 1050 Ti ya wati 75 unafika 215, na pawa saplai ni ya miaka zaidi ya kumi, mimi singelala nikiwa na amani. Kadi inayotaka waya wake wa pini 6 achana nayo kwenye keisi hizi.

Zile kompyuta za ukubwa wa kitabu hazina pawa saplai ndani, zinatumia adapta kama ya laptop. Lenovo Tiny ni volti 20, Dell Micro na HP Mini ni 19.5, mara nyingi wati 65 au 90 kutegemea prosesa. Dell ina pini nyembamba katikati ya kutambulisha adapta, ikikosea kuisoma mashine inawaka na onyo na kufanya kazi kwa unyonge, kwaiyo ukiona imekuwa nzito ghafla angalia adapta kabla ya kupiga windozi upya.

Kufunga

Chomoa umeme, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kumi ili kilichobaki kiishe. Shika chuma cha keisi. Piga picha kila waya ulivyopita kabla hujagusa, kwenye keisi nyembamba waya ukipita njia nyingine mfuniko haufungi au unagusa feni. Toa kibebeo cha diski na sidii kama kinaziba. Toa skrubu za nyuma, kwenye OptiPlex nyingi kuna na klipu ya chuma sakafuni ya kubonyeza, isukume pawa saplai kuelekea mbele ndo uinyanyue, usiivute kwa nguvu. Vichwa vya waya bonyeza ulimi wake alafu vuta kichwa, usivute waya.

Ya kurudisha ni kinyume chake. Kichwa kikikataa kuingia usikilazimishe, kina upande mmoja tu na kama hakiingii kuna kitu hakifanani. Chomeka kikubwa, chomeka na kile cha pini 4 cha prosesa, ukisikia kile kilio kidogo cha ulimi kushika ndo kimeingia. Kabla ya kufunga mfuniko washa kwanza ikiwa na monita na kibodi tu, iache saa nzima inacheza video, alafu gusa hewa inayotoka nyuma: ikiwa vuguvugu na inatoka kwa kasi, zima, chomoa, funga mfuniko, na ile printa ya leza ichomeke tundu lake peke yake.